Ancilla wa Juru, Mpishi Aliyeonja Kwanza

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1979, siku Kanisa linapokumbuka kuzaliwa kwake Bikira Maria, katika mkoa wa Muyinga, Burundi, mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima wa mtama na maharagwe. Alibatizwa kabla ya mwezi kuisha, akapewa jina Ancilla. Mama yake alijulikana kilima kizima kwa namna ya kupokea wageni: hakuna aliyepita mlangoni pake bila kupewa kitu cha kunywa, na hakuna aliyekunywa kabla mama yule hajagusa kikombe kwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo desturi yetu. Anayekupa kinywaji au uji huonja kwanza mbele yako, ili ujue kwamba chomboni hamna sumu na moyoni hamna kinyongo. Ancilla alijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma. Shule aliifuata mpaka darasa la sita, vita vikaifunga, naye akabaki na jembe, jiko na rozari.

Mwaka 2001 aliolewa na Libère, seremala, katika misa moja na ndoa nyingine tano. Mama mkwe wake, mjane Nyirabizimana, alikuwa amemzika mume na watoto wanne, akabaki na Libère peke yake. Basi mwanamke aliyeingia nyumba ile aliingia kwa mtu mwenye jicho kali. Ancilla hakulalamika. Alisema mtu aliyenyang'anywa watoto wanne ana haki ya kumlinda wa tano. Mungu akawapa Ineza, kisha Régis. Mwaka 2015 waliikimbia nchi wote watano, mama mkwe akibebwa nyuma ya baiskeli, wakapokewa Uganda katika makazi ya Nakivale, wakapewa kiwanja Juru. Wakajenga nyumba ya udongo yenye paa la shitingi, yaani turubai, wakapanda maharagwe na mahindi kama wengine.

Wito wake ulimjia mwaka uliofuata, Kwaresima, ndani ya kikanisa cha Juru. Katekista Elisée alikuwa anafundisha agizo la Mtume juu ya watu wa nyumba moja: mke na mume, watoto na wazazi, mtumishi na bwana wake, kwamba kila mmoja amtumikie mwenzake kana kwamba anamtumikia Kristo. Ancilla akasimama akauliza, "Katekista, na sisi tusio na bosi, ila tuna mama mkwe?" Watu wakacheka. Elisée hakucheka. Akajibu, "Dada, wewe una bosi aliyekuzalia mume. Huyo ndiye wa kwanza kumhudumia." Ancilla alirudi kwenye benchi yake, na baadaye aliwaambia wanajumuiya kwamba saa ile alisikia moyoni kuwa Mungu hamtaki utawani wala kwenye maandamano, anamtaka kwenye sufuria. Tangu siku hiyo hakupika chochote bila kufanya ishara ya msalaba juu ya moto.

Mwaka 2017 mvua ilikataa, maharagwe yakakauka yangali maua. Ancilla akaenda Mbarara kutafuta kazi, akaipata katika hoteli ndogo ya chakula mtaani Nyamityobora, kwa Mnyankore mmoja mjane aliyeitwa na wote Mama Bella. Alilala huko siku za kazi, Jumamosi akarudi Juru. Siku ya kwanza kabisa alimpelekea mteja chai, akasimama mbele yake, akapiga funda moja, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Mteja akabaki ameduwaa. Mama Bella akatoka jikoni mbio.

"Wewe nyabo! Unakunywa chai ya kastoma?"

"Nimeonja tu, mama. Ili ajue haina sumu."

"Sumu? Banange! Nani amesema sumu? Hapa kastoma akikufa, ni njaa imeua yeye! Sikia. Mdomo yako hapana gusa kikombe ya mtu. Hata siku moja. Umesikia?"

Ancilla alisikia. Na hapa ndipo utakatifu wake ulipoanza kuonekana kwa wenye macho, kwa sababu alitii hata pale pasipokuwa na wa kumwona. Mpishi mwenzake, Chantal, Mkongomani wa Kivu ya Kusini mwenye maneno mengi, alikuwa anamchokoza kila Mama Bella alipotoka. "Dada mtakatifu, onja basi! Bosi ameenda soko." Ancilla akamjibu neno ambalo mpaka leo linasemwa Nyamityobora: "Mama Bella ameenda sokoni, Mungu hakwenda naye." Chantal alicheka mpaka akaketi chini. Lakini Ancilla hakuonja. Miaka karibu miwili mkono wake ulipeleka vikombe na mdomo wake ukabaki umefungwa, mpaka mkono ukazoea.

Jumamosi moja ya Februari 2019 alifika Juru amechoka, amesimama ndani ya gari njia nzima. Akakuta majirani wamekuja kumsalimia mama mkwe. Akawasha moto, akapika uji wa mtama, akamimina bakuli, akampa Nyirabizimana kwa mikono miwili kwa heshima zote. Hakuonja. Alisahau. Mkono ulifanya kama ulivyofundishwa Mbarara. Nyirabizimana aliliangalia bakuli muda kidogo, kwa aibu ya mbele ya watu akanywa. Jumapili akashikwa na tumbo, akatapika, akapelekwa zahanati, akakaa huko siku nne. Muuguzi alisema wazi kwamba ni homa ya matumbo, ni maji, na wengine kumi wa kijiji hicho walikuwa na ugonjwa huohuo wiki ile. Lakini majirani walikuwa wameshaona kwa macho yao, na jicho likishaona, mdomo wa muuguzi haulishindi. Nyirabizimana aliporudi alisimama uani akasema mbele ya watu, "Mimi sisemi ya kuambiwa. Alinipa, na hakuonja. Kutoka leo, kitu cha mkono wake hakipiti koo langu, wala la wajukuu wangu."

Libère akajikuta katikati. Mama yake alitaka amfukuze mkewe, hakumfukuza. Mkewe hakutaka chochote. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akamjengea mama kibanda pembeni mwa kiwanja, na watoto wakawa wanakula kwa bibi yao. Fikirini, ndugu wapendwa: Ineza ana miaka kumi na miwili, Régis ana tisa, mama yao anapika hatua thelathini kutoka kwao, na wao wanasikia harufu tu. Libère mwenyewe alikula, ila sala yake ya chakula ilianza kuwa ndefu. Ancilla akamwambia, "Baba Ineza, hiyo sala ni ya chakula au ya marehemu?" Libère akacheka, na kucheka kukamgeuka akalia. Akavuta sahani akala yote.

Ancilla alimwendea Elisée kumuuliza afanye nini. Aache kazi? Aende kwa Mama Bella amwambie kwamba amri yake imembomolea nyumba? Elisée akamuuliza, "Ulitia sumu?" Akasema hapana. "Ulisahau kuonja?" Akasema ndiyo. "Basi omba msamaha wa ulichofanya. Usiombe wa ambacho hukufanya, huo utakuwa uongo hata ukiwa na machozi." Jumamosi iliyofuata akapiga magoti mlangoni pa kibanda, akasema, "Mama, nilisahau heshima yako. Nisamehe hiyo." Kisha akanyanyua bakuli la uji, akaonja mbele ya mlango, akaliweka chini, akasema, "Karibu, mama," akaondoka. Nyirabizimana akatoka akawamwagia kuku.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga barabara na hoteli, Ancilla alikaa Juru, na cha kila Jumamosi kikawa cha kila siku. Anaonja, anaweka, anakaribisha, anaondoka. Kuku wa Nyirabizimana walinenepa kuliko kuku wote wa Juru, na hakufa hata mmoja. Watu walipomwambia bibi, "Mama, mbona kuku wazima?" alijibu kwamba sumu ya watu haiui kuku. Mateso ya Ancilla hayakuwa na damu, na ndiyo maana wengi hawakuyaona kuwa mateso. Visimani wanawake walifunika ndoo zao akipita. Kwenye jumuiya, zamu yake ya kuleta kinywaji ilirukwa bila mtu kusema. Hakumsema vibaya mama mkwe wake hata mara moja, na sisi wajane wa Juru tuliokuwa tunamwangalia kwa makusudi, tukingoja aseme, hatukupata neno.

Barabara zilipofunguliwa alirudi kazini, akakuta habari imemtangulia. Chantal alikuwa ameisikia kwa wachuuzi wa Kashojwa, upande mwingine wa Nakivale, naye alitoka mahali ambapo karuho, sumu ya polepole inayoua mtu kidogo kidogo, inaogopwa kuliko bunduki. Hakunyamaza. Aliwaambia wateja mmoja mmoja, akiwawekea sahani, "Mimi sisemi kitu. Lakini kwabo, mama mukwe yake aliponea fasi ndogo sana." Warundi na Wakongomani waliokuja mjini kwa biashara wakaanza kupita mlango wa Mama Bella bila kuingia. Mama Bella akamwita Ancilla nyuma ya stoo.

"Watu banasema wewe unaweka sumu kwa watu. Kweli?"

"Hapana, mama."

"Nani anasema hii maneno?"

Ancilla alimjua. Akanyamaza.

"Haya. Mimi najua wewe. Lakini kastoma hapana jua. Utaosha sahani, hapana pika. Sawa?"

"Sawa, mama. Sahani nazo ni za Mungu."

Akaosha sahani kuanzia hapo. Chantal akawa mpishi mkuu, na Ancilla alimwoshea masufuria yaliyoungua bila kupunguza nguvu. Siku Chantal alipokuwa na mtoto mgonjwa, Ancilla alifika mapema akamkatia sombe yote, yaani majani ya muhogo, akamwachia Chantal sifa ya kazi hiyo.

Ikafika siku ya soko, Oktoba 2021. Hoteli ilikuwa imejaa. Mchuuzi mmoja wa Kashojwa anayeitwa Modeste alikula sombe ya Chantal nusu sahani, akainuka, akashika meza, akaanguka akitapika. Mtu akapiga kelele, "Karuho!" Neno lile ambalo Chantal mwenyewe alilipanda ndani ya hoteli likamrudia yeye. Wanaume wakamvuta kutoka jikoni, kitenge kikampasuka begani. Mmoja akaokota ukuni wenye moto. Chantal alikuwa analia, "Mimi sikutia kitu! Bababa, sikutia kitu!" na hakuna aliyemsikia, kwa sababu ndivyo kila anayeshtakiwa husema. Mama Bella alikuwa anapiga kelele kwa Kinyankore, hakuna aliyemsikia pia.

Ancilla akatoka kwenye karai la vyombo, mikono inachuruzika maji. Hakuwasukuma. Alipita katikati yao, akaketi kwenye kiti cha Modeste, akavuta sahani ya Modeste, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kula. Mwenye ukuni akauliza, "Wewe mama, unafanya nini?" Akamjibu huku anatafuna, "Ninaonja. Kwetu anayepika ndiye huonja, lakini dada yangu mmemshika mikono. Kaeni mningoje. Nikifa, mtakuwa na sababu. Nikipona, mtamwomba radhi." Akala mpaka mwisho, akapangusa sahani kwa kipande cha ugali. Kisha akageuka akasema, "Dada Chantal, chumvi imepungua kidogo." Mtu mmoja akacheka nyuma kabisa, kisha wa pili, na ukuni ukarudishwa jikoni.

Walimngoja saa nzima. Hakufa. Modeste alipelekwa kliniki, na mwenyewe akakiri kwa daktari kwamba tangu alfajiri alikuwa ameshindia waragi, pombe kali, bila chakula, tumbo likakataa. Jioni alirudi kwa miguu yake, akamkuta Chantal amelala kifudifudi mbele ya Ancilla, ameshika miguu yake.

"Njo mimi, dada. Njo mimi nilikuchafuria jina. Sikuona kitu. Niliogopaka tu, na woga ikatoka na kinywa."

"Nilijua, Chantal."

"Ulijua? Na ulininyamazia?"

"Ningesema, ungekosa kazi. Watoto wako wangekula nini, maneno yangu?"

Mama Bella alisikia yote, akawa anajifuta macho kwa aproni. Akamtaka Ancilla radhi mbele ya wafanyakazi, jambo ambalo mabosi wachache hulifanya. Asubuhi yake akamrudisha jikoni, na akatoa amri mpya: kila siku kabla ya mteja wa kwanza, wafanyakazi wote na yeye mwenyewe mwenye hoteli wakae kwenye meza ya mlangoni, mahali watu wanapopita, wale pamoja kutoka sufuria ya kwanza. "Mdomo hapana gusa kikombe ya kastoma," alisema, "lakini kastoma aone sisi tunakula." Wateja wa Nakivale wakarudi wote, wakaleta na wengine. Chantal akawa ndiye wa kwanza kumsifu Ancilla, kwa mdomo uleule na kwa nguvu ileile.

Jumapili iliyofuata Modeste alipanda hadi Juru, akasimama baada ya misa akasimulia yote bila kujificha, hata waragi aliitaja. Nyirabizimana alikuwa ameketi safu ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake akaenda nyumbani. Jumamosi iliyofuata Ancilla alileta bakuli kama kawaida. Kuku walikunywa. Wengi walikata tamaa wakasema, huyo bibi moyo wake umefungwa na ufunguo umetupwa. Ancilla peke yake alisema, "Leo alimwaga polepole."

Tarehe 26 Desemba 2021 ilikuwa sikukuu ya Familia Takatifu. Kikanisa cha Juru kilijaa mpaka nje, na baada ya misa watu waliketi kwenye majani, kila nyumba na chakula chake. Ancilla akaja na bakuli la uji, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, mbele ya kijiji kizima kilichokuwa kinatazama, akaliinua apate kuonja. Nyirabizimana akamkamata mkono.

"Acha. Usionje."

Watu wakadhani anamwaga. Yeye akalichukua bakuli kwa mikono miwili, akalipeleka mdomoni, akanywa, hakupumzika, akanywa mpaka akaligeuza juu chini na halikudondosha kitu. Akapangusa midomo. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Miaka miwili na miezi kumi nimewapa kuku haki yangu. Mukazana wangu, mke wa mtoto wangu, nilikukosea. Ineza! Régis! Njooni, mkule cha mama yenu!" Watoto wakaja mbio, Régis akajikwaa kwenye chungu cha watu akaendelea kukimbia. Vigelegele vilipigwa, ngoma zilizokuwa zimeshawekwa zikachukuliwa upya, na Libère, mtu ambaye hakuwahi kucheza hata siku ya harusi yake, alicheza. Padri alisema ana mahubiri ya mwaka mzima na hakuyaandika yeye. Kibanda cha pembeni kilibomolewa wiki hiyo, mbao zake zikawa meza.

Baada ya hapo Mungu alimpa Ancilla mwaka mmoja na nusu wa amani. Aliitwa kila palipokuwa na nyumba isiyokula pamoja, Juru na hata Kashojwa. Hakuhubiri. Aliomba jiko, akapika, akaketi katikati ya waliokosana mpaka wakaona aibu kumwacha anakula peke yake. Mei 2023 figo zilimshika. Alilazwa Mbarara, na wauguzi walishangaa kumwona bibi kizee aliyemlisha kwa kijiko na kukataa kupokelewa zamu. Alikufa tarehe 14 Juni 2023, ana miaka arobaini na mitatu, akiwa ameshika mkono wa mume wake upande mmoja na wa mama mkwe wake upande wa pili. Neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa kwa Nyirabizimana: "Mama, umekula?"

Siku ya mazishi Mama Bella alifunga hoteli, akaja Juru na wafanyakazi wote na masufuria yao. Hapa hatuongezi kitu, tunasema tulichoona. Chantal alipika sufuria moja kubwa ya maharagwe iliyotosha watu sitini. Waliokula walizidi mia mbili, na jioni wajane wawili walichota kilichobaki wakawapelekea wagonjwa. Wanaotaka kusema kwamba watu walikula kidogo kwa ajili ya huzuni, na waseme, hawakuwepo. Tena mwaka 2024, mama mmoja anayeitwa Belyse, aliyeshutumiwa uchawi na wakwe zake na kunyimwa mtoto wake, alisali siku tisa kwenye kaburi la Ancilla. Siku ya tisa wakwe walimfuata wenyewe kaburini, mtoto wakiwa wamembeba. Kanisa halijasema neno juu yake bado, nasi tunangoja kwa utii. Lakini kusali, tunasali.

Basi ninyi mnaofanya kazi chini ya watu, tiini pia saa bosi anapokuwa sokoni. Ninyi mabosi, mkimshusha mtu mbele ya watu, mwombeni radhi mbele ya haohao. Wewe uliyesingiziwa, usilipize kwa kumsingizia mwingine. Kaa kwenye kiti chake uile sahani yake. Na wewe mama mkwe, kama iko nyumba ya mwanao ambamo huli, usingoje sikukuu. Jua halijazama. Chukua fimbo yako uende.

Nyirabizimana yu hai, ana miaka zaidi ya themanini, hukaa kwenye meza ile na wajukuu wake. Mwaka huu vijana wa parokia walipita nyumba kwa nyumba kuandika familia za Wakristo. Walipomuuliza ana watoto wangapi walio hai, Libère akatangulia kumjibia, "Andikeni mmoja." Bibi akagonga fimbo chini. "Wawili," alisema. "Huyu hapa, na mukazana wangu aliye kwa Mungu. Au ninyi katekisimu mliisomea wapi?"

Wakaandika wawili.